Mkwe Aliyepisha Njia

Wamae alipata kazi jeshini kwa sababu ya koo lake. Si kwa masomo, maana shule aliiacha mapema, wala si kwa kifua, maana alikuwa mwembamba hata koti lake lilionekana kama limetundikwa msumarini. Alikuwa na sauti. Akisimama kilima kimoja akamwita mtu aliye kilima cha pili, mtu huyo aliitika, na ng'ombe wa kilima cha tatu waliinua vichwa. Watu wa upande ule, katikati ya Nanyuki na Timau, walimbandika jina la Baragumu. Alijifanya kuchukia, lakini ukimwita hivyo alitabasamu.

Jeshi lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la wazungu wale wale tuliowafungisha virago, tukapandisha bendera yetu, kisha tukawakaribisha tena kwa mlango wa nyuma. Redio ilisema ni ushirikiano wa marafiki. Wao watawafunza askari wetu na kusimama nasi tukivamiwa, nasi tutawapa mahali pa kufanyia mazoezi. Basi rafiki mmoja akaja na mizinga, rafiki mwingine akatoa nyasi. Sisi tuliwaita Majoni, na wao sijui walituitaje.

Wamae hakuwa mgeni wa viatu vyao. Enzi za Hali ya Hatari, alipokuwa mdogo, kaka yake Gatimu aliingia msituni na hakurudi, na waliomwinda walivaa buti za aina hiyo hiyo. Siku alipopewa buti zake kambini alizijaribu akitumaini zitambana, apate sababu ya kuzirudisha. Zilimtosha barabara. Akazifunga kamba, akaenda kazini, na kwa siku kadhaa hakuweza kupita mbele ya nyumba ya mama yake akiwa amezivaa.

Kazi ilikuwa ya bendera. Kulikuwa na ranchi kubwa iliyoachwa na mlowezi mmoja mrefu, tukaiita Kwa Muraihu, yaani kwa yule mrefu, na huko ndiko Majoni walikofyatulia mizinga yao. Kabla ya mazoezi Wamae alipandisha bendera nyekundu kwenye milingoti ya mpakani, kisha akazunguka akifukuza watu na mifugo. Mizinga ikinyamaza, bendera hazikushushwa. Zilibaki juu mpaka Majoni watembee nyasini wakitafuta mabomu yaliyoanguka bila kulipuka, wayaharibu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana watu wetu waliamini masikio kuliko macho. Kukiwa kimya, walijua mambo yamekwisha, na ndani ya ranchi ndimo mlimokuwa na kuni kavu.

"Wee mama! Rudi! Bado kuna moto huku!" Wamae alipaaza sauti, na akina mama wakarudi wakimtukana vizuri tu.

Mtu aliyepigiwa kelele kuliko wote alikuwa Garad, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, ambaye mara kwa mara alipitisha mifugo yake ukingoni mwa ranchi. Walikuwa wamezoeana. "Wallahi, Wamae," Garad alimwambia, "wewe ukikufa watu watalala usingizi." Wakacheka, wakagawana chai ya chupa.

Sasa, katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Wamae hakuweza kumpigia kelele, naye ni Warigia, mama wa mke wake Wangechi.

Mkwe wa kiume, kwa desturi yetu, hamsogelei mama mkwe. Hamshiki mkono, hali mbele yake, hamwiti, na wakikutana njiani huacha njia, akaingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Mama naye huvuta shuka na kutazama kando. Hiyo ndiyo heshima, na ukiikosa utasemwa mpaka wajukuu wako wasikie. Wazee walioipanga waliishi zama ambazo mama mkwe alikaa bonde la mbali na mkaonana kwa nadra. Hawakujua kwamba kutakuja kampuni za kununua mashamba, na kwamba Warigia atauza kipande chake cha Othaya, anunue hisa, na kura imwangushie shamba jirani kabisa na la mkwe wake.

Basi Wamae akawa mtu wa kuruka vichakani. Aliingia kwenye mahindi ya watu, akaingia mitaroni, siku moja akaingia katika kichaka chenye nyuki na kutoka akiwa na uso kama andazi. Tulimcheka, lakini tulimsifu pia. "Mkwe ni Baragumu," akina mama walisema, "huyo analea heshima." Warigia mwenyewe alitembea ameinua shingo kwa ajili yake.

Kulikuwa na njia ya kuiondoa shida hiyo. Mkwe akipeleka mbuzi wa heshima, wazee wakaketi wakamla, mama mkwe humletea mkwe chakula kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo wanaweza kuzungumza kama watu. Wangechi alimkumbusha mumewe kila baada ya mavuno. Wamae alisema atampeleka, mwaka huu mvua imekataa, mwaka ujao. Ukweli ni kwamba alifurahia kusifiwa. Kuruka vichakani hakukumgharimu kitu.

Ikaja siku ya kiangazi. Majoni walikuwa wamepiga mizinga tangu alfajiri, kisha wakanyamaza, wakaenda kula. Uwanja ulikuwa haujatembelewa. Wamae alikuwa akifuata kijia cha mpakani, anapiga mluzi, hana hili wala lile, alipoona mtu anamjia kutoka upande wa mashamba. Alikuwa Warigia, peke yake, na ukanda wa kubebea kuni begani.

Mwili wa Wamae ulijua la kufanya kabla yake. Mguu ukatoka njiani, ukaingia kwenye kichaka cha leleshwa, naye akageuza uso na kutazama mlima. Alisikia hatua za mama mkwe zikisita. Kisha zikapita, zikaenda kule kule kwenye bendera.

Wamae alifungua kinywa, na kinywa hakikutoa kitu. Angemwitaje? Kwa jina? Tangu lini mkwe akampigia mama mkwe kelele kama anayefukuza ng'ombe shambani? Alikohoa kwa nguvu. Akajiambia kwamba bendera ameiona, si kipofu, atageuka mwenyewe. Hakugeuka. Ndipo Wamae alipokumbuka kwamba Garad alikuwa amepita na ng'ombe muda si mrefu. Mtu mwingine angeweza kumwita. Akatimua mbio kwenda kumtafuta, akimpa mama mkwe wake kisogo, na hilo ndilo alilolirudia kichwani miaka mingi, kwamba siku ile miguu yake ilikuwa mizima na ilimpeleka upande usio wake.

Alimkuta Garad bondeni. "Kuna mama ameingia," alisema akihema. "Mwite, tafadhali. Mwite umwambie arudi."

"Mwite wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Siwezi. Ni mama mkwe."

Garad alimtazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. Alikuwa bado hajajibu mlio uliposikika, mmoja tu, mdogo kuliko ya mizinga. Ng'ombe walishtuka. Halafu wakasikia sauti ya mwanamke.

Warigia hakufa. Alikuwa amevuta tawi kavu, na chini ya tawi palikuwa na kitu. Garad alimfunga kwa kilemba chake, wakambeba mpaka barabarani, wakamtia kwenye lori la ngano lililokuwa likienda Nanyuki. Hata pale Wamae alishika upande wa miguu na kutazama pembeni. Hospitalini walimkata mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko.

Kesho yake Wamae aliitwa kambini. Walikuwepo Meja wa Majoni, chifu, na Mathenge, sajini wetu mstaafu aliyekuwa mkalimani wa kambi na ndiye aliyemtafutia Wamae kazi. Meja alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu, mpole wa sauti. Hakumtisha. Alimpa kiti.

"Anauliza," Mathenge alisema, "huyo mama alionywa ama hakuonywa?"

Wamae aliangalia buti zake. Alijua jibu la kweli lina urefu gani. Angepaswa kumweleza mzungu habari ya mkwe na mama mkwe, na mbuzi ambaye hakupelekwa, na mguu uliojiingiza kichakani. Angeonekana mjinga, na kazi ingekwenda. Watoto wake wawili, Watiri na Warigia mdogo aliyepewa jina la huyo huyo nyanya yake, wangerudi kula viazi vya chumvi.

"Nilimwita," alisema. "Alikataa kurudi."

Nani asingeamini? Chifu mwenyewe alisema sauti ya huyu inasikika hadi sokoni. Meja alitikisa kichwa kwa huzuni, akashukuru. Ikawa imeamuliwa kwamba wageni hawana kosa: mama alionywa na mtu wa kwao, kwa lugha yake, akakaidi. Angepewa fidia na mkono wa bandia kama ingekuwa vingine. Badala yake alipelekewa mfuko wa sukari, makopo ya nyama, na pole. Urafiki wa nchi mbili haukupata hata mkwaruzo.

Wamae alidhani uongo wake umeishia mezani kwa Meja. Kumbe uliteremka naye nyumbani.

"Lakini mama alikuwa na nini siku hiyo?" Wangechi aliuliza akimfulia mama yake vitambaa. "Baba Watiri, wewe ukiita hata maiti wanasikia. Ati akakataa? Kwa nini?"

"Sijui," Wamae alisema.

"Kichwa ngumu tu. Sasa ona. Mimi ndiyo nitamlimia, mimi ndiyo nitamfungia kitambaa. Kwa sababu ya kuni!"

Wangechi alikuwa amechoka, na uchovu ukatafuta mtu wa kumlaumu, ukampata aliyelala kitandani. Alianza kumjibu mama yake kwa ukali. Huko sokoni nako jina likatoka: Warigia Sikio la Kufa. Mwanamke aliyetembea ameinua shingo kwa ajili ya mkwe wake sasa alipita kando ya ukuta, mkono wa koti ukining'inia, na watoto wakimwita nyuma, "Nyanya, rudi! Kuna moto!" wakiigiza sauti ya Wamae. Waliiigiza vizuri.

Hapo ndipo dhambi ilipomkaa kooni. Chakula hakikupita. Warigia mdogo alipomnyooshea kikombe cha uji, alikitazama kile kimkono chenye vidole vitano na kutoka nje. Kazini aliendelea kupaaza sauti, kwa sababu alilipwa kwa hiyo, lakini kila alipoita mtu na mtu huyo akageuka, alijiambia: unaona, ni rahisi hivyo. Neno moja tu lingetosha.

Garad alikaa muda bila kupita. Alipopita, hakusimama kwa chai. Wamae alimpigia kelele za kawaida, na Garad akageuza ng'ombe wake kimya kimya. Kisha akarudi mwenyewe mpaka mpakani.

"Mimi umenipigia kelele miaka yote," alisema. "Mimi na ng'ombe yangu. Ng'ombe hata moja haijakufa. Nashukuru." Akashika ndevu zake. "Mimi sijasema kitu kwa mtu. Si kazi yangu. Lakini usinipe chai yako tena."

Wamae akapiga moyo konde, akaenda kwa Mathenge. Alimkuta nyuma ya stoo ya kambi akihesabu magunia ya viazi, akamweleza kila kitu bila kupumua, kichaka, kikohozi, Garad, uongo. "Nipeleke kwa Meja," alimaliza. "Nataka kumwambia."

"Meja gani?"

"Yule mwenye nywele nyekundu."

"Yule alirudi kwao zamani." Mathenge alikalia gunia. "Hawa huja kwa zamu, Wamae. Wanakuja, wanapiga risasi, wanaenda. Hawa wako hapa sasa hata hawajui kulikuwa na mama. Utaambia nani? Na ukisema ulidanganya, ni wewe utafukuzwa. Wao hawawezi kufukuzwa. Wao ni wageni wa serikali." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Wacha hiyo maneno. Ilikwisha. Pande zote zilisema neno moja."

Wamae hakulitilia maanani neno hilo la mwisho. Alikuwa ameshikwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Kukosa ni kubaya, lakini kukosa mtu wa kumwambia kwamba umekosa, hilo linaweza kumtia mtu wazimu. Alirudi nyumbani, akamfungua mbuzi wake mzuri kuliko wote, beberu mweupe asiye na doa, akamwambia Wangechi, "Kawaite wazee. Mbuzi wa mama anakwenda."

Wangechi alimtazama. "Leo ndiyo umekumbuka?"

Walikwenda wazee wawili, na mambo yakafanywa kama yanavyofanywa. Mbuzi alichinjwa, nyama ikawekwa motoni, baraka zikasemwa kuelekea mlimani. Wamae aliketi kwenye kigoda uani kwa mama mkwe, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, magoti yamebanana. Kisha mlango ukafunguliwa. Warigia akatoka na kibuyu cha uji. Kwa mara ya kwanza Wamae akamtazama usoni, akaona kwamba alifanana sana na Wangechi, na kwamba alikuwa mzee kuliko alivyodhani.

Alimnyooshea kibuyu.

"Pokea, Baba Watiri," alisema. "Nisamehe, ni wa kushoto."

Kwetu hatumpi mtu chakula kwa mkono wa kushoto. Ni tusi. Wamae alikipokea kibuyu kwa mikono yote miwili, kwa haraka hata uji ukamwagika.

Wazee walikuwa wameinamia nyama wakibishana juu ya mbavu. Warigia akaketi kando yake. Wamae alikuwa amejiandaa kusema. Alikuwa na maneno yake, ameyapanga tangu nyumbani. "Maitu," alianza, jinsi tunavyomwita mama, "siku ile mimi sikukuita."

"Najua. Nilikuwepo."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekumbushwa habari ya jana.

"Bendera niliiona," Warigia aliendelea, "nikasimama. Nilitaka kurudi. Halafu nikakuona wewe. Nikasema, huyu ndiye mwenye bendera. Kama huko mbele kuna kitu kibaya, hawezi kunipisha. Ukatoka njiani, ukanipa njia. Nikajua ni salama, nikapita."

Miezi yote hiyo Wamae alikuwa akijilaumu kwa kunyamaza. Kumbe hakunyamaza. Alikuwa amemwambia apite.

"Na kwa nini hukusema?" aliuliza. "Ungewaambia wazungu. Ungeambia hata Wangechi. Watoto wanakuchekelea njiani, Maitu."

"Walikuja hospitali, yule mwekundu na Mathenge. Wakaniuliza, ulisikia mlinzi akikuita? Nikajua umesema uliniita." Alipangusa uji uliomwagika kwa ukingo wa shuka. "Nikasema ndiyo, nilisikia, nikapuuza. Ningesema nini kingine? Ungefukuzwa. Wangechi yuko na watoto. Na mkono ulikuwa umeenda tayari, hauwezi kurudi kwa sababu wewe umekosa kazi."

Wamae akainamisha kichwa mpaka kikakaribia magoti. Alitaka kulia akaona aibu ya wazee, alitaka kukimbia akaona aibu ya yule mama. Alikuwa amekuja kutua mzigo wake, kumbe mama mkwe alikuwa ameubeba muda wote, kwa mkono mmoja, na hakumwambia mtu.

"Nitawaambia," alisema. "Nitasema sokoni. Nitamwambia Wangechi leo."

"Wangechi mwambie," Warigia alisema. "Huyo ananiumiza. Hao wengine wache, watachoka." Akainuka, maana wazee walikuwa wakiita sahani. Kabla ya kwenda akamwinamia. "Lakini nakuomba kitu kimoja. Siku nyingine ukiniona njiani, usinipishe."

Wamae alimwambia mkewe jioni ile ile. Wangechi alikaa siku nyingi akilala kwa mama yake na watoto, na aliporudi alirudi kwa sababu mama yake alimtuma. Hakumtukana mumewe. Alimpa chakula, na maneno yake yakaishia hapo, na Wamae alikula, kwa kuwa hakuwa na haki ya kukataa.

Mvua zikaja, zikapita, likaja jeshi jingine la Majoni, nyuso mpya, mizinga ile ile. Bendera zikapanda. Mizinga ikapiga, ikanyamaza. Wamae alikuwa kwenye kijia cha mpakani alipowaona akina mama wanakuja kwa mstari, na aliyewaongoza alikuwa Warigia, ukanda umemning'inia kwenye bega la kushoto.

Desturi ni kitu cha ajabu. Mbuzi ameliwa, ruhusa imetolewa, na bado mguu wa kulia wa Wamae ulitoka njiani wenyewe ukaingia kwenye leleshwa. Akauona. Akaurudisha. Akasimama katikati ya njia, mikono imenyooshwa, mbele ya mama wa mke wake.

"Maitu!" aliita. "Rudi!"

Ile sauti ya vilima vitatu ilitoka nyembamba, imekatika katikati, hata akina mama wa nyuma wakaulizana amesema nini. Lakini Warigia alikuwa karibu. Alisimama. Akaitazama bendera, akamtazama mkwe wake, kisha akainua shingo kama zamani na kujibu kwa nguvu, ili kila aliyekuwa nyuma yake asikie.

"Nimesikia, Baba Watiri," alisema. "Nimesikia."

Akageuka, akawageuza wenzake, wakarudi walikotoka. Wamae alibaki amesimama pale pale, katikati ya njia, akilia mbele ya mtu yeyote ambaye angepita.